Kabla ya Msingi, Stoo ya Zana

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na akina baba, na ninyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka kazini, hamjambo. Ahsanteni kwa kunipa nafasi hii.

Mmeniita nizungumze juu ya uamuzi wenu wa kuchanga na kununua zana za pamoja, ili kila kaya iweze kujijengea nyumba yake. Mimi ni fundi ujenzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya pamoja na watu ambao si mafundi, watu waliokuwa wakiinua kuta watakazolala ndani yake wenyewe. Ninalo neno moja kubwa, na nitalitoa mapema lisije likapotea katikati ya mengine. Kununua zana ndiyo sehemu nyepesi. Stoo ya pamoja huishi au hufa kwa mambo mawili: nani anazinoa zana hizo, na nani anamfundisha anayekuja kuziazima. Mkiyapata hayo mawili, stoo ndogo itasimamisha nyumba nyingi. Mkiyakosa, baada ya misimu michache mtakuwa na chumba kilichojaa kutu na mipini iliyovunjika, na mtaanza kulaumiana.

Kwanza tuone kwa nini kuchanga kuna maana. Mtu anayejijengea hajengi kwa mkupuo. Anajenga kadiri anavyopata: chumba kimoja leo, kingine baadaye, sakafu ikisubiri, lipu ikisubiri zaidi. Sasa angalieni zana zinavyokwenda. Wakati wa msingi, sururu, beleshi, mtaimbo na toroli havipumziki. Msingi ukiisha, sururu inalala kwenye kona miezi mingi. Inakuja zamu ya mwiko, uzi, timazi na pima maji. Kuta zikifika kwenye linta, hizo nazo zinapumzika, kisha msumeno, randa, patasi na keekee vinaanza kazi ya paa na milango. Kaya moja ikinunua vyote hivyo, fedha yake inakaa imelala ukutani muda mwingi kuliko inavyofanya kazi. Kaya kumi zikiwa katika hatua tofauti, sururu chache zinatosha.

Lakini hesabu hiyo ina sharti lake. Ikiwa wote mnachimba misingi wakati mmoja, kwa sababu ndio wakati mvua haipo na mashamba yamepumzika, zana za kuchimbia na kubebea zitagombaniwa. Kwa hiyo toroli, beleshi na karai nunueni nyingi kidogo. Keekee moja na randa mbili zitawafikisha mbali.

Zipo pia zana ambazo sishauri ziwe za pamoja hata kidogo. Mwiko ni mmojawapo. Mwiko hulika upande mmoja kufuatana na mkono wa mwenyewe, na akiuzoea hapendi mwingine. Nyundo ya misumari, tepu fupi ya kupimia, penseli, glavu: kila kaya iwe na vyake. Nchini Marekani, tangu miaka ya 1960, serikali imekuwa na mpango wa kusaidia kaya za vijijini kujenga nyumba zao kwa vikundi, na mgawanyo wao ni kama huu ninaousema. Fedha ya mpango inaweza kununua zana kubwa na za kazi maalumu, ngazi na majukwaa; nyundo na msumeno wa mkono kaya inatarajiwa ije navyo. Naona ni busara. Kitu cha kila siku kiwe mkononi mwa mwenyewe, na kitu kikubwa, cha gharama, kinachohitajika kwa nadra au kinachotaka usahihi, kiwe cha wote.

Mfano mzuri wa kitu cha wote ni mashine ya mkono ya kufyatulia matofali. Katika miaka ya 1950, mhandisi kutoka Chile, Raúl Ramírez, akiwa katika kituo cha makazi kilichoitwa CINVA mjini Bogotá, Kolombia, alibuni mashine ambayo dunia iliijua kwa jina la CINVA-Ram. Ni kasha la chuma lenye mpini mrefu. Unajaza udongo uliochanganywa na saruji kidogo, unafunga kifuniko, unauvuta mpini kwa uzito wa mwili, na tofali linatoka limeshindiliwa, lenye urefu wa sentimita 29 hivi, upana wa 14 na kimo cha 9. Haitaki umeme wala mafuta, wala kuni za kuchomea. Kikundi cha watu wachache kikishazoea kinafyatua mamia ya matofali kwa siku. Kaya moja ingeitumia mpaka matofali yake yatimie, kisha ikabaki nayo bila kazi. Mashine ya namna hii inafaa izunguke.

Na hapa ndipo jambo la kufundisha linapoonekana. Mashine haijui kuchagua udongo. Anayeazima asipojua, atachota udongo mweusi wa juu wenye mizizi na majani yaliyooza, na tofali lake halitadumu. Mfundisheni kupima kwa chupa. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, tia udongo hadi theluthi, jaza maji, tikisa kwa nguvu, kisha iweke mahali pasipotikisika. Mchanga unashuka ndani ya dakika moja hivi. Tope laini linafuata polepole. Mfinyanzi unaning'inia kwenye maji saa nyingi, pengine hadi kesho yake. Tabaka zikishatulia unaziona kwa macho. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka likikauka, basi ongeza mchanga. Udongo wenye mchanga wa kutosha na mfinyanzi wa wastani ndio unaoelewana na saruji, nayo saruji yenyewe huwa kati ya sehemu 5 na 10 kwa kila 100 kutegemea udongo.

Jambo jingine linalowaponza wengi ni haraka. Tofali lenye saruji halitaki jua siku za mwanzo. Linataka kivuli na unyevu: lifunikwe, linyunyiziwe maji angalau wiki nzima, na kupata nguvu yake ya kutosha ni siku 28. Nimeona matofali mazuri kabisa yakianikwa juani asubuhi ileile yalipofyatuliwa, kwa sababu mwenye nyumba alidhani kukauka na kukomaa ni kitu kimoja. Saruji hukomaa kwa maji. Ikinyimwa maji mapema, inabaki unga ulioshikana kidogo tu. Stoo inayotoa mashine bila kutoa maelezo hayo imempa mtu nusu ya zana.

Naomba nikae kidogo kwenye vipimo, maana ndipo mtu asiye fundi anapojiona hawezi, na kwa kweli ndipo anapoweza zaidi. Ukuta ukipinda, mwenye nyumba anaulipia kila hatua: kwenye linta, kwenye kenchi za paa, kwenye fremu za milango, mpaka kwenye mabati yasiyokutana. Na kinga yake ni nafuu. Ili upate kona iliyonyooka, pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Ukikuta umbali kati ya ncha hizo mbili ni mita 5 kamili, kona yako iko sawa. Ukimaliza kuweka vigingi vyote vinne, vuta uzi kutoka kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili. Nyuzi mbili zikilingana urefu, na kila ukuta ukilingana na mwenzake wa mbele yake, chumba hakijapinda. Kanuni hii haiombi cheti cha shule. Nimewaona wazee wasiojua kusoma wakiishika kwa nusu saa na kuitumia bila kukosea.

Kwa usawa wa msingi kutoka kona hadi kona, pima maji ya mbao ni fupi mno. Nunueni mpira wa maji unaoonyesha ndani, wenye urefu wa kuzunguka nyumba. Jaza maji, toa mapovu yote ya hewa, watu wawili washike ncha, vidole gumba viachie. Maji yakitulia, uso wake upande huu na upande ule uko kimo kimoja, hata kama kuna kichuguu katikati yenu. Povu moja lililobaki ndani linatosha kuharibu kipimo, basi mkague mpira kwanza. Timazi nayo ni kipande cha chuma na uzi, na haidanganyi isipokuwa upepo ukivuma. Vitu hivi vitatu, tepu ndefu, mpira na timazi, ndivyo ningenunua kwanza kabisa, kabla hata ya toroli. Ni vya bei ndogo katika orodha yenu nzima, na vinaokoa kuliko vyote.

Sasa nije kwenye kunoa na kutunza. Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi mafundi tunalichukua neno hilo jinsi lilivyo. Beleshi na karai vikirudi na saruji kavu, vimekwisha umbika upya na si zana tena. Sharti la kwanza la stoo liwe kwamba kitu hakipokelewi kikiwa kichafu. Kutu hutaka maji na hewa, na jasho lenye chumvi huiharakisha. Kitambaa chenye mafuta kidogo kikipitishwa kwenye chuma kila jioni kinaizuia. Msumeno wa mkono ukiwa butu, mtu anausukuma kwa nguvu, unapotoka kwenye mstari, anachoka, anasema mbao ni ngumu. Kumbe meno yanataka tupa, na yanataka kupindwa kidogo, hili kushoto, lile kulia, ili njia inayokatwa iwe pana kuliko bamba la msumeno. Bila hivyo unang'ang'ania ndani ya mbao. Patasi ya chuma na mtaimbo vinavyogongwa nyundo hutawanyika kichwani kama uyoga, na vipande vyake huruka na kuingia machoni. Kichwa hicho kikatwe na kusawazishwa kila kinapoanza kutandika.

Mpini ni somo lake lenyewe. Uchagueni mti ambao nyuzi zake zimenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, maana nyuzi zikikatiza mpini huvunjika siku ya kazi nzito. Wakati wa ukame mti hupungua unene na kichwa cha shoka hulegea. Wengi huloweka majini. Linashika kweli, lakini kwa siku moja mbili tu: mti uliovimba hujibana ndani ya tundu la chuma, na ukikauka unalegea kuliko mwanzo. Piga kabari mpya. Kichwa cha shoka kinachoruka hakichagui wa kumpata.

Na kuna hatari moja ambayo watunza stoo wengi hawaijui. Mafuta ya kitani ni mazuri sana kwa mipini. Lakini vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vikirundikwa kwenye kona, huzalisha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila mtu kuwasha kiberiti. Vitandazwe nje kimoja kimoja hadi vikauke, au vitiwe kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko. Naliomba hili liandikwe kwa herufi kubwa mlangoni.

Ndiyo maana nasema lazima awepo mtu. Simaanishi kamati ya watu wengi. Namaanisha mtu mmoja mwenye ufunguo, mwenye daftari, mwenye tupa, na msaidizi wa kumrithi. Mlipeni, kwa fedha au kwa kumlimia au kwa kumjengea, lakini mlipeni. Kazi ya kujitolea isiyo na mwisho humchosha hata mtu mwema, na siku akiacha, stoo nayo inaacha. Huko Berkeley, jimbo la California, maktaba ya umma ilianza kuazimisha zana mwaka 1979 jinsi inavyoazimisha vitabu, na huduma hiyo ingali hai. Ninavyoona mimi, kilichoishikilia ni kwamba kuna wafanyakazi ambao kazi yao ndiyo hiyo.

Wapo watakaowaambia kwamba cha wote hakina mwenyewe, kitaharibika tu. Hoja hiyo ina watetezi wakubwa. Mwaka 1968 mwanaikolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika kwamba malisho ya wote mwisho wake ni kuharibiwa, kwa kuwa kila mmoja atavutia kwake. Elinor Ostrom, mtafiti wa Marekani, hakuridhika na kauli hiyo. Alikusanya habari za jamii zilizotunza mali ya pamoja kwa vizazi: malisho ya milimani Uswisi, misitu ya vijiji Japani, mifereji ya umwagiliaji Uhispania na Ufilipino. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Nobel ya uchumi. Alichokiona ni kwamba palipo na mpaka wa nani ni mwenzetu, masharti yaliyotungwa na watumiaji wenyewe, msimamizi anayewajibika kwao, na adhabu inayoanza ndogo na kupanda taratibu, mali ya pamoja inadumu.

Nichukue hilo la adhabu, kwa sababu nimeona stoo zikivunjwa na hilo. Mkimtoza mtu kila anapovunja kitu, hatawaambia. Atarudisha beleshi lenye ufa usiku, na mwenzake ataumia kesho. Kilichovunjika katika kazi ya halali kitengenezwe na mfuko wa wote, bila swali. Anayechelewesha ndiye wa kuadhibiwa, na adhabu yake iwe kazi: aje siku moja anoe pamoja na mtunza stoo. Atakuwa amelipa, na atakuwa amejifunza.

Kuhusu kujenga pamoja, nchi ninayopenda kuwatajia ni Uruguay, huko Amerika Kusini. Sheria ya nyumba ya mwaka 1968 ilizitambua rasmi jumuiya za ushirika ambazo wanachama hujenga kwa kusaidiana, na mwaka 1970 jumuiya hizo ziliunda shirikisho lao, FUCVAM. Kila kaya hutoa saa zake za kazi, kwa kawaida 21 kwa wiki. Jambo lililonigusa ni kwamba katika jumuiya nyingi kaya hazikujua nyumba ipi itakuwa yao mpaka mwisho, zikagawiwa kwa kura. Fikirini maana yake kwa mtu anayepiga lipu. Hawezi kuharakisha ukuta wa jirani, kwa kuwa huenda ndio wake. Katika ule mpango wa vijijini wa Marekani, kaya hufanya angalau asilimia 65 ya kazi chini ya msimamizi mwenye ujuzi, na hakuna anayehamia mpaka nyumba za kikundi zote ziishe. Kwenu kila mtu ana kiwanja chake, kura haitawezekana. Lakini sharti kwamba anayeazima mashine ya matofali atatoa siku zake za kazi kwa kaya inayofuata, hilo mnaweza kulipitisha leo.

Tena, nyumba na ichorwe kulingana na stoo. Walter Segal, msanifu aliyefanya kazi Uingereza, alibuni nyumba ya fremu za mbao akitumia mbao za fremu na bodi za ukuta kwa vipimo vilevile vinavyouzwa, ili mjenzi asikate sana, na akaondoa kabisa kazi ya tofali na lipu. Watu ambao hawakuwahi kujenga walizijenga huko Lewisham, London. Mtaa mmoja wenye nyumba 13 unaitwa kwa jina lake hadi leo, Walters Way. Ninyi mnaweza kujenga kwa udongo, hilo halibadilishi kanuni. Kama stoo haina zana ya kukunja nondo nene, msichore zege linalotaka nondo hizo. Vyumba viwe na upana ambao mbao zinazopatikana kwenu zinaufikia bila kuungwa.

Mipaka ya mikono yetu nayo tuiseme wazi. Umeme aufunge mwenye leseni. Kenchi za upana mkubwa zikaguliwe na anayejua. Na mashimo, ndugu zangu. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito unaozidi tani moja, na ukingo ukiporomoka mtu hana muda wa kukimbia. Shimo la choo au mtaro ukipita kimo cha kifua, uwekewe mbao za kuzuia kingo au ulegezwe pembeni kwa mteremko, udongo uliochimbwa uwekwe mbali na ukingo, na asichimbe mtu peke yake bila wa kumwangalia juu. Sururu ya bure isimpeleke mtu kaburini.

Ninalo ombi kwa wanunuzi. Msinunue mabeleshi yote ya kipimo kimoja. Kwenu kuna mabinti, akina mama wanaoendesha kaya peke yao, wazee wenye nguvu bado lakini migongo haikunjiki. Mpini mfupi kwa mtu mrefu unavunja kiuno. Beleshi pana kwa mtu mwepesi linamchosha kabla ya saa nne. Saizi mbili tatu zinabadilisha nani anaweza kujenga na nani anabaki kumsubiri kibarua. Vivyo hivyo saa za kufungua stoo: zikiwa zile ambazo akina mama wako shambani au wanateka maji, mtakuwa mmewafungia mlango bila kusema.

Nimesikia kwamba ajenda inayofuata ni orodha ya manunuzi. Namwomba mwenyekiti, kama wajumbe wanakubali, atangulize uchaguzi wa mtunza stoo na msaidizi wake, na malipo yao, kisha orodha ifuate wao wakiwepo mezani. Mimi nimekuja na tupa mbili na msumeno butu. Mkimaliza kupiga kura, waliochaguliwa wanikute pale kwenye benchi, na yeyote mwingine anayetaka kujifunza kunoa aje nao.